Mama, Vijiti Havikuingia

Kiseke, Mwanza

Mama yangu,

Shikamoo. Nakuamkia nikiwa nimekaa kwenye kiti cha cherehani, maana ndicho kiti pekee humu ndani chenye meza mbele yake, na karatasi nimeiweka juu ya sare za watoto wa watu ambazo bado hazina vifungo. Magoti yako yanaendeleaje? Lile jicho la kulia bado linatoa machozi ukikaa karibu na moto? Na ule mgomba ulioangushwa na upepo nyuma ya jiko, mliuegemeza au mliukata? Najua majibu yatachukua muda kunifikia, lakini siwezi kuanza na shida zangu kabla sijakuuliza hali.

Sisi huku tupo. Masanja mkweo yuko Misungwi anajenga nyumba ya mtu, anarudi Jumamosi akiwa na saruji mpaka kwenye nyusi. Neema anasoma, anakula, ananijibu vibaya, anarefuka. Kila gauni ninalomshonea linakuwa fupi kabla halijachuja. Kazi ipo, namshukuru Mungu, shule zinakaribia kufunguliwa na wazazi wote wamekumbuka sare siku moja.

Utashangaa barua. Utasema Koku ana simu, leo kimemsibu nini mpaka aandike kama watu wa zamani? Mama, ile simu yako siyo yako. Nikipiga anapokea mdogo wangu Asimwe, anaweka spika, anasogea shangazi, anasogea na jirani aliyekuja kuomba moto, na kabla sijamaliza salamu shangazi ameshapiga vigelegele kwamba Mungu ni mkubwa, mtoto wetu sasa anapima mwenyewe. Nitasema nini hapo? Nimejaribu zaidi ya mara moja, naishia kushukuru. Kwa hiyo barua hii ni yako peke yako. Ta Kaijage, anayeleta ndizi huku kwa meli, amekubali kuibeba pamoja na mfuko ninaokutumia. Usimpe Asimwe akusomee kwa sauti. Vaa miwani yako, nenda kakae kule kwenye mibuni, soma pole pole.

Jambo lenyewe ni hili, nalisema bila kuzunguka. Vijiti mlivyonichangia havikuingia kwenye mashine yangu. Siyo vyake. Ni vya kupimia sukari.

Usiiweke karatasi chini. Soma mpaka mwisho, maana hilo siyo kubwa kuliko yote.

Unajua kwamba tangu waliponipasua kifua kule Dar es Salaam naishi na valvu ya chuma moyoni. Uliisikia kwa masikio yako ulipokuja kuniuguza, ukaniuliza ni saa gani hiyo inayolia wakati sijavaa saa. Neema alipokuwa mchanga alikuwa halali mpaka aweke sikio pale. Chuma chenyewe hakina shida, hakichoki, ila damu ikikipitia inataka kuganda. Ndiyo sababu nakunywa kidonge kila siku, cha kuzuia damu isigande, na nitakinywa mpaka mnizike. Sasa kidonge nacho kina ukorofi wake. Kikizidi, fizi zinatoa damu nikipiga mswaki, na mapajani yanatokea mabaka meusi wakati hakuna aliyenigusa. Kikipungua, damu inaganda pale kwenye chuma, kipande kinachomoka kinakwenda kichwani, na hapo basi tena. Ukila mchicha mwingi kuliko jana, mambo yamebadilika. Ukiugua malaria ukapewa dawa, mambo yamebadilika. Napita kwenye uchochoro mwembamba, na siwezi kujua kama bado niko humo au nimeshatoka mpaka nipime damu nipate namba.

Na wewe sukari yako inatafutiwa namba. Wote wawili tunadunga kidole, wote tunaweka tone kwenye kijiti, wote tunasubiri mashine iseme. Hapo ndipo tulipoponzeka.

Mashine yangu, kama unakumbuka, niliachiwa na yule bibi wa Kijerumani aliyekuwa mgeni wa usharika. Marehemu mume wake alikuwa na chuma kama changu. Aliniachia na makopo ya vijiti, nikajiona tajiri. Nilikuwa napima hapa hapa kati ya kukata na kushona, namtumia daktari namba, ananijibu ongeza nusu, punguza robo, endelea hivyo hivyo. Mama Sayi wa Igoma, yule muuza dagaa niliyelazwa naye wodi moja, ambaye ulimpa ukoko wa uji akausifia mpaka ukaona aibu, naye akawa anakuja kupimia kwangu. Makopo ya bibi yalipoisha tukawa tunachanga wawili, tunanunua boksi, tunagawana.

Bei yake sikuandikii usije ukapandwa na presha bure. Nitakuambia tu kwamba boksi moja linameza sare za darasa zima, kuanzia kukata mpaka vifungo, na hapo uzi sijanunua. Ukidunga kidole tone likatoka dogo, mashine inakataa, kijiti kinatupwa, na sketi mbili zimekwenda. Mama Sayi alikuwa akinyoosha kidole anafumba macho anaomba kwa Kisukuma. Mimi nilikuwa namcheka, namwambia kidole hakiendi kanisani.

Halafu vijiti vikaisha. Mwenye duka la dawa mjini aliyekuwa anatuagizia akaniambia mashine yangu imezeeka. Walioitengeneza wametoa nyingine, na vijiti vinavyokuja siku hizi ni vya hiyo nyingine. Nikamwambia mbona vinafanana. Akachukua kimoja akakilaza kando ya changu nilichokuwa nimebaki nacho, na kweli kwa macho ni ndugu, lakini mashine haikimezi. Vya kwangu bado vinatengenezwa, alisema, ila ni vya kuagiza nje, hauziwi robo wala nusu, pesa mbele, na lini vitafika yeye hajui. Sikuwa na pesa ya kuweka mbele kwa ajili ya siku isiyojulikana.

Nilizunguka mji huu kama pia. Duka moja walinitolea vya sukari, nikasema siyo. Lingine wakanitolea kipimo cha mimba. Nikawaambia asante, huko nako daktari amenikataza. Walicheka, na mimi nikacheka nao, nikatoka nikaingia duka lililofuata.

Hospitali nakwenda, usidhani nimeacha. Siku dawa ya kupimia ipo napimwa vizuri kabisa. Siku imeisha wananiambia nirudi, na nikirudi bado haijaja. Nao wauguzi wanakonda kama mimi, sina la kuwalaumu. Maabara za watu binafsi nimekwenda mpaka mfuko ukatoboka. Ningekuwa mtu wa kupimwa mara moja moja ningevumilia, lakini damu yangu mwaka huu haitulii. Leo iko juu, dozi inapunguzwa, na dozi ikiguswa inatakiwa upime tena haraka ujue imeshukia wapi. Hapo kwenye kupima tena ndipo ninapokwama. Sasa hivi ninavyokuandikia nakunywa kidonge kwa kubahatisha. Nikiona fizi zina damu nakata nusu. Nikiona hazina nameza kizima. Ndiyo matibabu yangu hayo, Mama.

Na kubahatisha ndiko kulikommaliza Mama Sayi. Hili sikukwambia kwenye simu kwa sababu ulimpenda. Vijiti vilipoisha naye alibaki kama mimi, akaona mabaka mikononi, akasema hii dawa imezidi, akaiacha kwanza ipungue mwilini. Ni jambo ambalo hata mimi ningelifanya. Asubuhi moja yupo sokoni Igoma anampimia mteja dagaa, kopo likamtoka mkononi. Akainama kuliokota, mkono ukakataa. Alipoinuka mdomo ulikuwa umekwenda upande. Hajafa, yuko kwake amelala, mkono wa kulia haupo na maneno hayapo. Limebaki neno moja tu, wabeja, lile la Wasukuma la kushukuru. Nilimuosha, akasema wabeja. Nikamuuliza anaumwa wapi, akasema wabeja. Binti yake alipoanza kulia pale mlangoni, Mama Sayi alimtazama, machozi yanamtoka na yeye, akasema wabeja, wabeja. Niliondoka pale sijui nimefikaje nyumbani.

Ni katika siku hizo ndipo Asimwe alinipigia kwamba ukoo umekaa, mmeamua kunichangia. Sikulala vizuri kwa furaha, nakwambia kweli. Nilijua nyumbani kahawa haijauzwa bado, najua shangazi alivyo na mkono mzito, na bado mmetoa. Mkaniuliza ninachohitaji kinaitwaje, nikajibu kwenye spika, katikati ya kelele zile, vijiti vya kupimia damu, vile vya kudunga kidole. Ukasema ahaa, hivyo navijua. Nikasema Mungu akubariki. Hakuna aliyekosea hapo, Mama. Kila mtu alisema ukweli anaoujua.

Mzigo ulipofika nilikwenda bandarini mwenyewe. Ta Kaijage alishuka melini na mikungu yake ya ndizi, akanikabidhi mfuko wangu kwa mikono miwili kama anakabidhi mtoto wa kubatizwa, akapiga simu papo hapo mkasikia nikishukuru. Si unajua kwetu, mzigo unashukuriwa kabla haujafunguliwa. Mlishangilia mpaka wabebaji wakageuka kutazama. Nilishukuru kila mmoja kwa jina. Shangazi akaomba sala. Nikapanda bodaboda nikiwa nimeukumbatia mfuko tumboni.

Nyumbani nikatoa kahawa ya kutafuna, bado imefungwa kwenye majani yake. Nikatoa senene, Neema akachukua panzi wake hapo hapo. Chini yake maboksi. Nilipiga magoti, Mama. Nikaosha mikono kwa maji ya vuguvugu, nikaining'iniza chini damu ishuke vidoleni, nikawasha mashine, nikatoa kijiti. Kikaingia ncha, kikagoma. Nikakigeuza, kikagoma. Nikajiambia nimekishika vibaya, ngoja nimuite Masanja, siku hiyo alikuwepo. Masanja akakitazama, akaitazama mashine, akasema nimpe wembe akipunguze ubavuni kitaingia. Fundi wa nyumba kwake kila kitu ni mlango uliovimba. Nilimfokea mpaka akatoka nje. Baadaye nikamuomba radhi, maana mwenyewe nilikuwa nimeshaanza kuutafuta huo wembe.

Nikabeba mfuko mzima mpaka kwa yule wa duka la dawa. Hakuchukua hata muda. Alisoma boksi, akasema, "Dada, hivi ni vya sukari. Hata ukivipigilia na nyundo, mashine yako haitavielewa."

Nililia pale pale mbele ya wateja, mtu mzima mimi, mama wa mtu. Alinipa kiti. Nikamuuliza kama anaweza kuvichukua yeye anipe chochote. Akasema havikununuliwa kwake, hawezi. Akawa anayatoa maboksi moja moja kutoka kwenye mfuko anaangalia kama hayajaharibika, ndipo akafika chini kabisa. Akainua kikopo kilichofungwa kitambaa, akakitikisa, akaniuliza, "Na hiki kilichokwisha funguliwa ni cha nani?"

Kitambaa cha njano chenye maua ya kijani. Mama, kitambaa hicho nakijua kuliko ninavyojijua. Ni kipande kilichobaki kwenye gauni nililokushonea Pasaka, ukasema usikitupe nipe nitafungia funguo. Na fundo ni lako, lile la kupindisha mara mbili ambalo hakuna mtu anayeweza kulifungua bila meno. Nikalifungua kwa meno, ndani kuna vijiti, siyo vipya, vilivyopungua, na kipande cha pamba.

Jioni nilimtafuta Ta Kaijage kabla hajapanda meli, nikambana. Akasema yeye alikupeleka dukani Muleba, na ulikuwa umebeba kikopo chako ukakiweka kwenye meza ya muuzaji ukasema nataka kama hivi, ni vya mwanangu. Michango ikatosha maboksi yale. Na mlipokuwa mnafunga mzigo ukaona mfuko bado una nafasi, ukakitumbukiza na hicho. Yeye alikuuliza wewe utapimia nini. Akasema ulimjibu, "Mimi nimezeeka na sukari yangu tunaelewana. Huyu moyo wake ni wa chuma, hauna subira."

Mama, nimekasirika. Acha nikasirike maana nisipokasirika nitakufa kwa uchungu. Hivi wewe ukoje? Kila nikipiga nakuuliza sukari ikoje, unanijibu kwa sauti ya kanisani, haina shida mwanangu. Haina shida umeijuaje? Kwa kuitazama? Kwa kuonja? Mashine yako ipo juu ya kabati, kavu, vijiti vyake viko Kiseke kwenye droo ya uzi, na wewe unanitangazia kwamba haina shida. Umesahau Baba? Kile kidonda si kilianza kama lengelenge la kiatu, akasema haina shida, akasema tena haina shida, mpaka walipomkata mguu na bado haukutosha? Nilikuwa namshika kichwa mimi. Neno hilo sitaki kulisikia tena kinywani mwako.

Nimejiuliza ni asubuhi ngapi umeamka ukala bila kujua. Nimejiuliza kama lile jicho kutoa machozi ni moshi kweli. Nakaa hapa sijui damu yangu inasemaje, na sasa hata yako sijui. Yangu nilikuwa nimeshaanza kuizoea hofu yake. Yako siiwezi, imenimaliza kabisa.

Na mimi nakuambia ukweli wangu, kwa kuwa wewe hukuniambia wako. Naogopa. Nikisimamisha cherehani naisikiliza valvu. Daktari aliniambia siku mlio wake ukififia nisingoje kesho. Juzi niliusikia kama uko mbali, kama mtu anayegonga mlango wa jirani. Nikaacha kila kitu nikatafuta gari nikaenda hospitali. Wakanisikiliza, wakasema kwa masikio bado uko sawa, ila kipimo cha damu kinatakiwa, na dawa yake haijaja. Nikarudi. Tangu siku hiyo nashona kidogo nasimama nasikiliza, nashona kidogo nasimama. Wateja wanadhani nimekuwa mvivu. Neema amegundua, amekuwa akipita anaweka sikio kifuani kwangu kama alipokuwa mchanga, anajifanya ananikumbatia. Anasema, bado inalia Mama. Anasema hivyo halafu anaenda kucheza.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo ninapokuomba.

Maboksi yote nimekurudishia kwenye mfuko huu, yamefungwa kama yalivyokuja, na kikopo chako kimo. Nimetoa kijiti kimoja tu, kile nilichojaribia. Waambie ndugu ukweli, usione haya, wala usiseme Koku hakushukuru. Mchango wao haukupotea. Walinichangia mimi, nami nautoa kwako, na siku utakapotumia kijiti cha mwisho uniambie. Atakayenuna anunie mimi, niko mbali.

Kingine kilichomo kwenye mfuko ni kikopo changu kitupu. Usikitupe! Hicho ndicho cha kuonyesha dukani. Mpe Kaka Mujuni. Najua bado anapita Mutukula na lori mpaka Kampala, na huko wanasema kuna maduka yanayouza vitu vya wagonjwa wa moyo. Asimwambie mtu vijiti vya kudunga kidole, asimwambie mtu vya damu. Asiseme neno lolote. Aweke kikopo mezani kama wewe ulivyoweka chako, na wafananishe jina na zile namba zilizoandikwa ubavuni, herufi kwa herufi. Vikifanana tu bila namba kufanana, aache. Wakimwambia hivi ni vipya zaidi ni bora zaidi, aache, mashine yangu haitaki ubora. Aangalie na tarehe ya kuharibika, maana watu wanauza vilivyokufa. Ndani ya kila boksi kuna kichipu kidogo cha plastiki, ni ufunguo wa vijiti vya boksi lile, wasikitoe. Na asiviweke mbele ya lori kwenye jua.

Mchango wa pili sitaki. Sahani haipitishwi mara mbili kwa mgonjwa mmoja, na sitaki uende ukainamishe kichwa mbele ya shangazi. Ile cherehani yangu ya kudarizi nimeiuza. Masanja alikataa, halafu akakubali, halafu akaibeba mwenyewe begani kuipeleka kwa aliyeinunua. Pesa iko ndani ya mfuko lakini hutaiona. Chukua gauni jipya nililokuwekea, la bluu, angalia pindo la chini, limeshonwa kwa uzi mwekundu sehemu moja. Fumua hapo kwa wembe, taratibu. Mpe Mujuni yote. Ikizidi asirudishe, anunue kingine. Ikipungua aniambie tu, sijui nitauza nini lakini aniambie. Gauni lenyewe ni lako, lishone tena pindo ulivae Jumapili.

Na Kampala vikikosekana, sijui. Mama, sijui.

Nisalimie Kaka Mujuni, mwambie asiendeshe akiwa na usingizi, nahitaji afike. Nisalimie mdogo wangu Asimwe, mwambie spika ya simu inaua betri. Shangazi Theonestina mpe shikamoo yangu, na senene zake zilikuwa tamu kuliko za mwaka jana, hilo ni kweli tupu. Mwinjilisti mwambie azidi kuniombea, na amkumbuke Mama Sayi kwa jina. Ta Kaijage umpikie, hajanitoza nauli ya mzigo kwenda wala kurudi. Masanja mkweo anakuamkia. Neema anasema shikamoo Bibi, na anauliza ule mgomba.

Kikopo chako nimekifunga na kitambaa kile kile. Nilijaribu kurudia fundo lako nikashindwa, kwa hiyo nimelishona. Ukiupokea mfuko usishukuru bandarini, usipige simu kwanza, usimkaribishe mtu. Kata ule uzi, osha mikono, udunge kidole kabla hujanywa chai. Halafu mwambie Asimwe anipigie, aweke spika, anisomee namba yako wote wasikie. Yangu nitakusomea siku nitakayoijua.

Ni mimi mwanao,
Koku